Zima Injini Tusikie

Baba ana tabia moja ambayo sisi wanawe tuliizoea kabla ya kuielewa. Akiwa anaendesha Landrover yake, taarifa ya habari ikianza redioni, hutafuta mahali pa kuegesha, huzima injini, na kukaa kimya na mikono juu ya usukani mpaka habari ziishe. Halafu anapiga stati, tunaendelea na safari. Nilipokuwa mdogo nilidhani injini inapumzishwa. Kaka yangu alikuwa na hakika kwamba Mzee anabana petroli. Mama peke yake alijua sababu, na hakuwahi kuisema mbele yetu.

Desemba nilirudi Ngara kwa likizo. Kazi yangu ni minara ya simu: nazunguka mikoani nikipima kama mnara umeunganishwa vizuri na ardhi. Mnara usio na athi nzuri huharibiwa na radi, na hata siku isiyo na radi huokota kelele. Miaka sita ya kazi hiyo imenipa masikio mabaya, yasiyoweza kukaa karibu na kelele bila kuuliza inatoka wapi. Kwa hiyo Baba aliponichukua twende sokoni, na redio ikaanza kukwaruza mara tu injini ilipowaka, sikuweza kunyamaza.

"Baba, hii redio haikukeri?"

"Redio ni nzima," alisema. "Gari ndilo linaloongea juu yake."

Gari lenyewe ni Series III, ile ndefu ya 109, ya petroli. Baba alilinunua mkononi kabla sijazaliwa, akalifanya la abiria kati ya Ngara na Biharamulo miaka ambayo basi lilikuwa jambo la kusubiri kwa siku nzima. Siku hizi halibebi tena abiria. Linabeba maharage, mbuzi mmojammoja, na Baba. Halikuja na redio. Mwaka 1991 fundi mmoja wa barabarani alitoboa dashibodi akaweka redio yenye masafa ya kati na masafa mafupi, akatoboa na madigadi ya kushoto akaweka antena. Redio ile ilipokufa, miaka mingi baadaye, nafasi yake ikachukuliwa na stereo ya kaseti yenye FM na spika mbili milangoni. Antena haikubadilishwa. Waya wa umeme wa redio haukubadilishwa. Na kelele, Mama alisema alipotuletea chai, haikubadilika pia.

"Nitaitafuta," nikamwambia Baba.

"Tafuta, dada," akasema.

Huniita dada kwa sababu nina jina la ubatizo la dada yake. Nitalirudia jambo hilo.

Watu wengi wakisikia kelele kwenye redio ya gari hukimbilia kununua redio nyingine. Ni sawa na kubadilisha sikio kwa sababu jirani anapiga ngoma. Kelele lazima iwe na mahali inapotoka, na lazima iwe na njia ya kufikia redio. Ukikata njia, chanzo kinaweza kuendelea na shughuli zake bila kukusumbua. Kazi yote ni kutoa kitu kimoja baada ya kingine na kusikiliza kilichobaki.

Nilianza asubuhi chini ya mwembe. Injini ikiwa imezimwa, Radio Kwizera ilisikika safi, kama mtu aliyeketi kiti cha mbele. Nikawasha injini. Zikaja sauti mbili, na nilifurahi kuwa ni mbili, kwa sababu mchanganyiko ndio unaowapoteza watu. Ya kwanza ilikuwa mlio mwembamba kama wa mbu, unaopanda ukikanyaga eksileta na kushuka ukiachia. Ya pili ilikuwa mikwaruzo ya tik-tik-tik, inayofuatana upesi mpaka inakuwa kama kitambaa kinachochanwa.

Nikakanyaga mafuta, injini ikapanda, kisha ghafla nikazima swichi huku redio ikiendelea, maana waya wake ulichukuliwa mahali penye umeme wakati wote. Tik-tik ilikatika palepale. Mlio wa mbu ulififia polepole pamoja na injini iliyokuwa ikimalizia kuzunguka. Hilo lilinitosha kujua majina ya wahusika. Kinachokufa papo hapo swichi ikizimwa ni cheche za plagi. Kinachokufa na mzunguko wa injini ni alteneta.

Kisha nikachomoa waya wa antena nyuma ya redio. Stesheni ikapotea, kama ilivyotarajiwa, na tik-tik ikapotea nayo. Mbu akabaki. Kwa hiyo wahusika wawili walikuwa na njia mbili: cheche ziliingia kwa antena, alteneta iliingia kwa waya wa umeme. Nikazima injini, nikachomoa plagi ya nyaya nyuma ya alteneta, nikawasha tena. Mbu akanyamaza. Nikazima, nikairudisha.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda akitazama. Hakuuliza kitu. Alipoona nimetulia alikwenda ndani akarudi na redio ndogo ya betri, ile aliyokuwa akilala nayo chini ya mto. "Weka masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni," alisema, "uipitishe juu ya injini. Itakuonyesha." Nikamtazama. Mimi nilifundishwa jambo hilo na mhandisi. Yeye alikuwa amelijua siku zote.

Nilifanya hivyo. Kwenye betri, redio ilivuma tu. Nilipoisogeza karibu na koili na waya za plagi ilipiga kelele mpaka kuku wakaondoka. Si ajabu. Mawasiliano ya kwanza ya redio duniani yalitumia cheche. Guglielmo Marconi alivusha ishara bahari ya Atlantiki mwaka 1901 kwa mtambo wa cheche, na baadaye mitambo ya aina hiyo ikapigwa marufuku kwa sababu cheche haijui kukaa kwenye masafa yake; hutangaza kila mahali kwa pamoja. Injini ya petroli ni kituo kidogo cha namna hiyo. Yetu ina silinda nne, maana yake cheche mbili kwa kila mzunguko. Ikiwa imesimama na kuunguruma kwa mizunguko 750 kwa dakika, ni cheche 25 kila sekunde. Barabarani, kwa mizunguko 3,000, ni 100. Mtu anayesema neno moja redioni kwa nusu sekunde anasemewa juu mara 50.

"Sasa tunahitaji vitu," nikamwambia Baba. Nilitaka kondensa ya kuzuia kelele kwa ajili ya koili na nyingine ya alteneta, na kofia za plagi zenye rezista ndani. Ngara mjini nilipata nyaya na fyuzi tu. Baba akasema Biharamulo kuna fundi wa zamani ambaye hatupi kitu. Kesho yake tukaondoka alfajiri.

Barabara inashuka mpaka Benaco, ambako malori ya Kigali na ya Dar es Salaam hupishana, kisha inaiacha Rusumo nyuma yake na kwenda Nyakahura, Lusahunga, halafu Biharamulo. Redio ilikuwa imewashwa. Karibu na Ngara, Radio Kwizera ina nguvu za kuzifunika kelele zote. Tulivyozidi kwenda, stesheni ikazidi kudhoofika nyuma ya vilima, na kelele ikazidi kuinuka, ingawa ilikuwa ileile. Ndivyo ilivyo siku zote: kelele haiongezeki, ni sauti unayoitaka ndiyo inayopungua.

Tulipopita Nyakahura na kuingia porini, Baba alipunguza mwendo. Hakuegesha. Alionyesha kwa kidevu.

"Ni hapa," alisema. "Au mbele kidogo. Miti imekatwa, sina hakika tena."

Nilikuwa na kipande cha hadithi ile, kila mtu nyumbani ana kipande. Siku hiyo alinipa yote, akiendesha, bila kunitazama.

Dada yake aliolewa ng'ambo, Kibungo, upande wa Rwanda, miaka ambayo kuvuka mto Kagera pale Rusumo kwenda harusini lilikuwa jambo la kawaida kwa watu wa Ngara. Lugha zinasikilizana. Kihangaza cha nyumbani, Kirundi na Kinyarwanda ni kama ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, habari zake zikakatika. Mto ukaanza kuleta maiti. Kisha, kuanzia tarehe 28 Aprili, katika muda wa saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Pale Benaco, mahali palipokuwa na jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, pakawa na mji wa mahema mkubwa kuliko mji wowote ambao Baba alikuwa ameuona.

Alimtafuta humo. Alikwenda kila alipopata abiria wa kwenda huko, na siku nyingine bila abiria. Alitembea kati ya mahema akiuliza watu wa Kibungo. Wengine walisema wamemwona akiwa hai, wengine walisema jambo jingine, na wengi waliogopa kusema lolote kwa mtu wasiyemjua. Baba hakulaumu. "Kila mmoja pale alikuwa na la kwake la kuficha au la kulilia," alisema.

Mwaka huohuo BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani yenye kuunganisha familia. Pamoja na habari, yalisoma majina: fulani, mtoto wa fulani, wa mahali fulani, yuko kambi fulani, anawatafuta ndugu zake. Yalisikika kwa masafa mafupi. Baba aliyafuata kwa redio ya Landrover, kwa sababu redio ya nyumbani ilikuwa haishiki vizuri. Tangu siku za kwanza aligundua kwamba injini ikiwaka hasikii majina sawasawa. Kwa hiyo aliwazoesha abiria wake. Muda ulipofika aliegesha, akasema, "Zima injini tusikie," kana kwamba anamwamuru mtu mwingine, akaizima mwenyewe. Abiria wengi nao walikuwa na watu wao. Walishuka, wakazunguka mlango wa dereva, wakasikiliza pamoja.

"Lakini siku ile tulikuwa hapa," alisema.

Ilikuwa mwaka 1995, wakati wa masika. Walichelewa Biharamulo kwa sababu ya pancha, na giza likawakuta porini. Majambazi wenye silaha walikuwa wameanza kuteka magari njia hiyo. Ndani kulikuwa na abiria kumi na mmoja, wawili kati yao wana watoto wachanga. Betri ilikuwa dhaifu. Akizima, wangeweza kulazimika kusukuma. Majina yakaanza kusomwa. Baba akapunguza mwendo, abiria wakapiga bodi kwa mikono: endesha, dereva, endesha. Akaongeza sauti ya redio, na mikwaruzo ikaongezeka nayo.

"Nikasikia jina lako," aliniambia. "Jina la ubatizo. Limetamkwa wazi kabisa. Halafu neno la pili likaanza, kama la baba yetu linavyoanza, halafu trrrr. Halafu 'wa Kibungo'. Halafu mtu mwingine."

Alikaa kimya mpaka tukapita lori lililokuwa limeharibika.

"Aliyesoma alitaja na kambi?"

"Alitaja. Ilikuwa ndani ya hiyo trrrr."

Alipofika Ngara alikwenda kwa kila mtu mwenye redio. Hakuna aliyekuwa amesikiliza, au aliyekumbuka. Alisikiliza siku zote zilizofuata, injini imezimwa, lakini jina halikurudiwa tena, au lilirudiwa wakati hayupo. Mwaka huohuo nikazaliwa mimi, akanipa jina lile. Desemba 1996, wakimbizi wa Rwanda walipoamriwa kurudi kwao kabla mwezi haujaisha na mamia ya maelfu wakapita tena daraja lilelile, alisimama kando ya barabara siku tatu akitazama nyuso. Baada ya miaka kadhaa alivuka yeye mwenyewe mpaka Kibungo. Nyumba ilikuwa na watu wengine, waliomkaribisha vizuri wakampa maziwa. Hawakuwa wanamjua.

Sikuwa na la kusema. Nilisema, "Pole, Baba," akaitikia kama mtu anayeitikia salamu.

Biharamulo fundi alitupokea kwa furaha kubwa, maana Baba aliwahi kuwa mteja wake wa kila wiki. Alinyanyua kopo la maziwa ya unga lililojaa vyuma, akatafuta mpaka akatoa kondensa mbili za zamani zenye vishikio vya bati. Nilizipima kwa mita, zikawa nzima. Alinionya jambo ambalo hata vitabu husisitiza: kondensa ya koili ifungwe upande unaopokea umeme kutoka kwenye swichi, si upande wa pointi, la sivyo gari litakosa nguvu nami nitalaumu kondensa. Kofia za plagi za gari lile hakuwa nazo. "Nenda kwa watu wa bodaboda," alisema. Kofia ya plagi ya pikipiki huwa na rezista ya ohmu 5,000 hivi, na plagi za Landrover zimekaa wazi ubavuni mwa injini, hivyo inaingia bila ugomvi ukifungua kijinati cha juu ya plagi. Nilipima kumi na mbili ili nipate nne. Nyingine zilisoma sifuri: zilikuwa plastiki tu, na kipande cha chuma ndani. Muuzaji alishangaa kuona mtu akizipima, lakini alinivumilia.

Siku ya tatu nikafunga kila kitu. Kwanza alteneta. Nilivuta nyaya mbili mpya, chanya na hasi, moja kwa moja kutoka kwenye betri mpaka redioni, fyuzi yake karibu na betri, nikaacha ule wa zamani uliokuwa ukigawana njia na nusu ya gari. Nikafunga kondensa mgongoni mwa alteneta. Mbu akafa. Kisha kondensa ya koili na kofia nne. Nikafungua na ule mkanda wa shaba unaounganisha injini na chesisi, maana injini imekaa juu ya mipira na bila mkanda ule haina athi ya kuaminika, nikausugua mpaka ukang'aa. Tik-tik ikapungua kwa zaidi ya nusu. Lakini haikuisha.

Ilibaki antena. Hapo ndipo nilipoanza kutamani nisingeanza.

Waya wa antena una utando wa nyuzi za shaba unaozunguka ule wa kati. Utando ule ndio ngao. Unapaswa kushikana na bodi ya gari pale chini ya antena, chuma kwa chuma, ili kelele za injini zinazougonga zimwagike kwenye bodi zisiingie ndani. Ukiwa haujashikana, ngao yenyewe inageuka kuwa antena, na imelala ndani ya madigadi, karibu kabisa na injini. Inasikia cheche vizuri kuliko inavyosikia London.

Bodi ya Landrover ni aluminiamu juu ya chesisi ya chuma, na mahali metali hizo mbili zinapogusana kwenye unyevu huota unga mweupe. Nilitarajia unga huo. Ningeona unga, ningesema miaka imefanya kazi yake, ningesugua na kunyamaza. Nilifungua nati, nikanyanyua antena, nikaangaza tochi chini ya madigadi pale washa ilipokuwa imebana.

Hapakuwa na unga. Palikuwa na rangi. Rangi ya kijani ya gari, laini, nzima, kama siku ilipopakwa, na duara safi la washa juu yake. Rangi haipitishi umeme. Fundi yule wa 1991 alitoboa tundu, akafunga nati, akasikia stesheni injini ikiwa imezimwa, akachukua hela yake. Hakukwangua. Antena ile haikuwahi kuwa na athi hata siku moja. Si mwaka huu tu. Haikuwa nayo mwaka 1995.

Nilikaa chini ya madigadi kwa muda. Kipande cha msasa nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa na ukubwa wa stempu. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika mbili.

Nilisugua mpaka aluminiamu ikatoka, nikapaka grisi kidogo kuzuia unyevu, nikarudisha washa, nikakaza, nikapima kwa mita: kutoka kwenye ngao mpaka kwenye betri, karibu sifuri. Nikawasha injini. Niliweka masafa ya kati, ambako kelele haina pa kujificha. Palikuwa na mvumo wa kawaida wa anga na, kwa mbali sana, mtu akizungumza. Nilikanyaga eksileta. Mtu yule aliendelea kuzungumza.

Baba alikuja na kusimama dirishani. Alisikiliza muda mrefu, injini ikiwa inanguruma.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

Nilikuwa nimeandaa jibu. Ningesema ni vitu vingi, Baba, gari la zamani, nyaya zimechoka. Isingekuwa uongo mtupu. Mtu wa miaka 70 ana faida gani ya kuambiwa kwamba kitu kilichomla usingizi karibu miaka 30 kilikuwa na unene wa rangi? Lakini alikuwa amenipa yote barabarani, hakubakiza kitu kwa kunihurumia. Tena ni yeye aliyeniletea ile redio ndogo. Angenijua.

Nikamwonyesha. Nililegeza tena nati, nikainua washa, nikamwangazia tochi. Ukingoni mwa mahali niliposugua bado palionekana duara la rangi. Nikamweleza kwa maneno machache. Aliingiza kidole, akagusa ile aluminiamu iliyo wazi, kisha akagusa rangi kando yake, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili dukani.

"Ile trrrr," alisema.

"Sehemu yake kubwa. Si yote, Baba." Na hili nalo lilikuwa kweli, nikalisema lote. Masafa mafupi husafiri kwa kudunda angani, na anga yenyewe hubadilika. Sauti hupanda na kuzama bila kosa la mtu. Neno la pili lingeweza kuzama hata injini ikiwa imezimwa. Kofia za plagi hazikuwa na rezista. Jina lile la ubatizo wanalo maelfu ya wanawake, na Kibungo palikuwa na watu wengi. "Siwezi kukuambia kwamba alikuwa yeye," nilisema. "Wala kwamba ungesikia. Ninachoweza kusema ni kwamba si masikio yako."

Alifuta kidole kwenye suruali.

"Miaka yote nilijilaumu kwamba sikusimama," alisema. "Sikuwahi kufikiria fundi."

"Utamlaumu?"

"Alishafariki." Akafikiri. "Alikuwa fundi mzuri wa gia."

Kisha akaniambia nikaze nati ile kabla mvua haijaingia, akaenda kumwambia Mama chakula kitengwe mapema.

Jioni tulikwenda majaribio mpaka Benaco, yeye akiendesha. Mahali palipokuwa mahema sasa kuna maduka, vibanda vya chipsi na madereva wa malori wanaosubiri zamu ya kuvuka. Redio ilikuwa safi njia nzima. Mlima ulipoikata Radio Kwizera, ilikatika kwa ukimya, bila kuchanwa. Nilikuwa na furaha ya kifundi, ile ndogo ya ubinafsi, nikimtazama Baba kwa pembeni kuona kama naye anayo. Alikuwa akipiga vidole kwenye usukani kufuata wimbo.

Tulipokuwa tukirudi, wimbo ukaisha, ikasikika alama ya taarifa ya habari. Baba akatazama kioo, akawasha taa ya pembeni, akaegesha kwenye nyasi. Akazima injini.

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna haja tena. Nilifungua kinywa kabisa. Yeye alikuwa ameshaweka mikono juu ya usukani, kichwa kimeinama kidogo upande wa spika. Nikashusha kioo cha dirisha langu, nami nikasikiliza.